UZI: Namna ya kuongea na benye mashamba kama unatafuta moteri na trakteri za zamani (Bukavu, Katana, Kalehe)

Vola_ya_Kivu (Bukavu)

Bandugu na badada, jambo. Nafungua hii uzi ju kila wiki kuko mutu ananiandikia pembeni, "yaya unafanyaka je mupaka benye mashamba banakuuzishia moteri za zamani, mimi nikifika tu banafunga mulango". Nimejibu mmoja mmoja mupaka nimechoka, leo naandika yote hapa, itakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka anisamehe.

Kwa benye habanijue, niko fundi, baba yangu alikuwa fundi wa masini ku fakitire ya chai, nimekomalia mu harufu ya mazuti (dizeli). Huu ni mwaka wa kumi na moja natafuta moteri, trakteri, masini za kutoa maganda ya kahawa, bintu yenye ilifanya kazi mu mashamba yetu mbele batu habajaivunja na kuiuzisha kwa kilo. Siipeleke inje. Naitengeneza na inabakia mu parsele yetu Bagira, batoto ba masomo banakuyaka kuangalia, na moja kila siku ya posho inasaga mihogo ya bamama ba avenii.

Kwa nini Kivu iko na hizi bintu mingi, benye kukomaa banajua lakini batoto ba leo habajue. Wakati ya Babeleji mashamba ya kahawa, chai na kenkina yalijaa tangu Kabare, Katana, mupaka Kalehe na kule Idjwi, na kila shamba kubwa ilikuwa na hangari, mu hangari muko moteri moja kubwa ya mazuti, na mikanda ya ngozi inatoka kule kuzungusha masini zingine zote. Kisha tarehe 30/11/1973 Mobutu akatangaza mashamba na maduka ya bageni ipewe bana-inchi, ile zairianizasyo, shamba ikapita ku mikono ya ba-akerere (bale benye balipewa), bengine balilima vizuri, bengine balifunga hangari bakaenda zao Kinshasa. Kisha ikafika vita ya 1996. Kwa hiyo leo ukiona moteri imelala mu hangari usiseme haina mwenyewe. Iko naye, tena mara mingi iko na benyewe wanne watano na kila mmoja anajua yeye njo mwenyewe.

Mimi hii nilijifunza kwa maumivu. 2016 kulikuwa trakteri moja ya Ferguson ya rangi ya kijivu upande ya Walungu, ile TE20, zilitengenezwa Coventry kule Uingereza tangu 1946 mupaka 1956, zaidi ya 500,000 zilitoka, ndogo lakini njo ilifundisha dunia kubeba jembe kwa mikono mitatu ya nyuma. Ilikuwa chini ya muti wa avoka, magurudumu yamezama, plaki (kibao chenye jina ya masini) iko. Kulikuwa zamu (mulinzi) pale, mutu wa heshima, akaniambia "patro aliniachia hii yote, mushahara sijapata miaka ine, leta 300 nakuachia". Nikamuonea huruma na nikajionea haraka. Nikalipa, nikatafuta kamio, palan (munyororo ya kunyanyulia bizito), vijana sita, siku muzima, mvua. Kisha juma moja nasikia mulango unagongwa, ni batoto ba marehemu na polisi. Bale batoto habakuwa babaya, balikuwa na haki. Trakteri ikarudi kwa gharama yangu, zamu tayari ameenda, na mimi nilipoteza 300, kamio mara mbili, na jina yangu mu ile localite yote. Ile jina njo iliniuma zaidi, ju miaka miwili nilikuwa nikipita pale batu banasema "ule mwizi wa trakteri".

Sasa nawaelezea moja yenye ilienda vizuri, ndani yake mutaona namna.

Katana, mama mumoja mujane, shamba ya kahawa ya bwana yake. Nilisikia kwa mekano kwamba kuko moteri ya Lister. Sikuenda mu hangari. Nilipita kwanza kwa sefu wa kijiji, nikamwambia jina yangu, baba yangu nani, kazi yangu nini, natafuta nini, na ile mambo ya Walungu nilimwambia mimi mwenyewe mbele asiisikie kwa bengine. Akanipa mutoto wake tuende pamoja. Tumefika, "asinge mama", tumekaa, nilikuwa na kilo mbili ya sukari na sabuni, kama mugeni mwenye amekomaa anaenda kwa mama. Tukaongea kahawa. Tukaongea ule mzee wake, namna alikuwa anaamka saa kumi ya usiku kuwasha moteri, namna mulio wake ulikuwa unafika mupaka ku ziwa na bavuvi ba sambaza banajua asubuhi imefika. Saa mbili nzima. Moteri sikuitaja mupaka mama mwenyewe amesema "bila shaka umekuya kwa ile chuma ya mzee, kuya uone".

Ilikuwa Lister CS, 6/1 (farasi sita, silenda moja). Kuku alikuwa amelalia mayai saba mu nafasi ya katikati ya vola (ile gurudumu nzito ya kando) na block, na mama akasema tusimufukuze, basi tuliangalia kwa upande ingine. Vola mbili za rayo, rayo zote nzima. Nikawasha toshi ya telefone, sikushika kitu. Nikasema "mama asante, nitarudia kama utanikubalia", nikaenda. Bei hapana, foto hapana.

Mara ya pili, kisha juma tatu, batoto ba kuku bamesha toka, nimekuya na brosi ya waya na lita moja ya mazuti, nikaomba ruhusa kusafisha plaki tu. Mama alileta kiti akakaa kando. Inaanza kutoka herufi moja moja, DURSLEY, ENGLAND, kisha 6 na 650. Nikamusomea. Nikamwambia Dursley ni muji mudogo wa Uingereza, hii nguvu yake farasi sita, inazunguka mara 650 kwa dakika, polepole sana, njo maana inadumu, na tangu miaka ya 1930 bamezipeleka dunia muzima, na kule Rajkot ku India banafanyaka kopi mupaka sasa kwa hiyo segima (pete za pistoni) na ma-joint (gasketi) yake bado inapatikana. Nikamwambia pia kuko batu Ulaya benye banapendaka hizi na banalipa vizuri, na mutu wa mitraye (mwenye ananunuaka chuma ya kuvunja kwa kilo) atakupa bei ya chuma tu, na mimi niko kati yao, siko tajiri lakini siivunji. Mama alinyamaza. Kisha anasema mzee aliacha neno, isipewe mwenye ataivunja.

Mara ya tatu ilikuwa mukutano ya familia. Batoto bawili pale, mumoja Lubumbashi ku telefone tumeiweka juu ya meza kwa sauti, shangazi mumoja mukali sana na nilimupenda ju aliuliza maswali yote ya maana. Bei tulipatana, karatasi tukaandika, ba-temwe (bashahidi) bawili, sefu akaweka sahihi, kopi ya karte ya kila mutu. Nimelipa mbele ya bote.

Pale sasa mama akaenda ku chumba. Anarudi na kopo ya Nido ya zamani, kubwa ile ya kilo mbili na nusu, imefungwa na kikwembe. Ndani muko pompi ya mazuti na enjektere, imejaa grisi yenye imekauka kama sabuni. Mzee alizitosha 1996 usiku mumoja, ju moteri bila pompi hakuna askari ataibeba, akazificha mu ghala ya maharagi, na tangu ile siku hakuna mutu aliyemuambia isipokuwa bibi yake. Miaka yote ile bale banunuzi bamepita pale, mumoja aliacha hata avansi, na mama hakuitosha.

Ile pompi ni ya asili. Moteri ilianza siku ya ine ya kazi. Nilimupigia mama nikaweka telefone karibu na eshapma (bomba ya moshi) asikilize.

Basi, niulizeni.

Petit_Muhungu (Bukavu, Kadutu)

Yaya asante, nimesoma yote mara mbili. Lakini unasemaka tu bei "tulipatana". Nani anataja wa kwanza? Mi nikitajaga ndogo banakasirika, nikiacha bataje banataja kama ni ndege.

Vola_ya_Kivu

Petit, banatajaka kama ndege ju hakuna mutu amebaelezea. Kama mutu hajui kintu ni nini atafikiri ni dhahabu ao ni takataka, hakuna katikati. Mi nasemaka kwanza bintu tatu: hii ni masini gani na inakosa nini, mutu wa mitraye angelipa ngapi, na mimi gharama yangu ya kutosha pale mupaka nyumbani ni ngapi, kamio, vijana, barieri zote za njiani. Naandika ku karatasi na nabaachia ile karatasi balale nayo. Bakiuliza fundi mwingine akibaambia naongopa, habatanipigia tena, na bako na haki. Kisha benyewe njo banataja. Mara mingi banataja kintu ya akili. Kama iko juu yangu nasema wazi "sina ile, lakini mukipata mwenye atalipa vile mumupe kwa roho safi". Mbili zimerudi kwangu mwaka ingine kwa njia ile.

Na usiseme kamwe masini ni mubaya ili bei ishuke. Mu macho yako ni kutu, mu macho yake ni ada ya masomo ya batoto bake sita.

Mama_Katana

Mimi siko ule mama mujane wa Vola, lakini niko upande wa benye banaombwaka kuuzisha, niseme kidogo.

Kwetu balikuya batu ba jipe, habakusalimia hata mama yangu mwenye alikuwa anachambua sombe pale mulangoni, bameenda moja kwa moja mu hangari na foto, foto, foto. Kisha mumoja anatoka anasema "mama hii imeoza, tutakusaidia kuitosha". Kutusaidia! Baba yangu alikufa na ile moteri mu kinywa chake, alikuwa anaita kila bulo (bolti) na jina. Mama akabaambia ile siku haiuzishwe, na haikuuzishwa, mupaka paa ya hangari ilianguka juu yake na sasa iko vile.

Kwa hiyo banunuzi muelewe, ile "hapana" yenye munasikiaka ku mulango mara mingi si ya masini, ni ya ile namna mumeingia. Na kintu ingine: musikuye siku ya yenga saa ya misa, wala wakati ya kuvuna kahawa tangu asubuhi, mutu ameshika kikapo na mawazo yake iko kwingine, atakujibu tu ili uende.

Chuma_Kadutu

Mi njo mutu wa mitraye. Nimesoma hapa tunasemwa kama sisi babomoaji tu.

Nataka niseme kwa heshima. Yaya Vola anakuya mara tatu na sukari, ni vizuri. Lakini kuko siku mama iko na mutoto ku hopitali na anahitaji makuta leo, si juma tatu mbele. Ile siku njo ananipigia mimi. Mi nafika na balanze, napima, nalipa kesh, naenda. Sijawahi kuiba hata bulo. Na hakuna mutu amenifundisha kwamba plaki moja ya shaba iko na maana, mi naona shaba.

Vola_ya_Kivu

Ndugu Chuma, umesema ukweli na nakuomba msamaha kama niliandika vibaya. Ile ya hopitali nimeiona kwa macho. Kwa sababu ile sasa, mama akiniambia iko na haraka, namuachiaka avansi na karatasi yenye kusema avansi haimufunge, familia ikikatala mbele ya mwezi kuisha anarudisha polepole. Nimepoteza moja kwa vile. Si kitu.

Lakini naomba kwako kintu moja, kama unaweza. Mbele uvunje kintu yenye iko na plaki, piga foto ya plaki na unitumie. Nikisema haina maana, vunja. Nikisema iko na maana, nitakulipa juu ya bei yako ya kilo, hutapoteza hata moja. Namba nakutumia pembeni.

Chuma_Kadutu

Sawa. Nitaona.

Dada_Nguba

Nasaidiaka batu na mambo ya miriti, niongeze ju hapa njo munaumiaka.

Mujane peke yake kuuzisha, hapana. Kufuata Kode ya familia ya 1987, batoto ba marehemu njo bariti ba kwanza na banapata robo tatu ya mali, ile robo yenye inabaki njo ya bibi, bazazi na bandugu ba marehemu. Kwa hiyo ile mukutano ya familia yenye Vola amesema si adabu tu, ni sheria. Kama kuko likidatere wa miriti (mwenye anagawanya mali ya marehemu), jina yake na sahihi yake ikuwe ku karatasi. Na batoto benye balizaliwa inje na marehemu alibatambua nabo ni batoto, usiache kuuliza, hata kama ku meza swali ile inaleta kimya.

Kintu ya pili, udongo. Tangu sheria ya 1973 udongo ni ya Leta, mutu iko na konsesyo (haki ya kuitumia) juu yake. Sasa moteri yenye imefungwa na bulo mu sima, mwenye kununua konsesyo anaweza kusema aliinunua pamoja na nyumba. Uliza: shamba imeuzishwa? kwa nani? moteri ilitajwa mu ile karatasi? Mbele ya kufungua bulo hata moja.

Mwana_Lushi (Lubumbashi)

Bandugu ba Kivu jambo yenu. Huku kwetu mashamba ya njia ya Kasenga na ya Kipushi bintu mingi bilisha kwenda, lakini ku mision bado biko. Na ku mision usiongee na fundi wa padri wala na padri mwenyewe peke, mi nilifanya vile, padri muzuri sana tukakunywa chai akasema "chukua", kisha mwaka haijaisha banamubadilisha paroasi, mwenye amekuya anauliza masini iko wapi. Hakukuwa karatasi. Nilirudisha bila kubishana ju nilijua ni mimi nilikosa. Mali ya mision iko na ekonome (mwenye kutunza mali), andika barua, subiria jibu. Mi nilisubiria miezi saba kwa Lister ingine, ile ndogo ya petroli, modele D, ya farasi moja na nusu. Nilipata barua na stempu, na leo hakuna mutu anaweza kuniuliza.

Na bile Mama Katana amesema, kuingia kwa mulango ya mbele, nakubali kabisa. Mi naendaka na mama yangu mukubwa. Akiwa yeye njo anasalimia, batu banakaa kimya na banasikiliza.

Kaka_Masisi (Goma)

Hapa kwetu si kahawa, ni maziwa. Mu mafermu ya Masisi kwenye banafanyaka fromaji kulikuwa ma-ekremeze za mukono, za Alfa-Laval, ile masini ya kutenganisha mafuta ya maziwa, yenye ule Gustaf de Laval wa Suède aliianzisha 1878. Batu bananunuaka ju ni muzuri kwa macho, rangi na mukono wa chuma, kisha bafike nyumbani bafungue bakutane ndani hakuna disiki. Ile njo masini! Ndani ya ile bakuli inayozunguka muko visahani vyembamba vimepangwa kimoja juu ya kingine, na vimeandikwa namba, ukichanganya mupango bakuli inatetemeka na haitenganishe vizuri.

Mi sasa nikifika siulizi masini, naulizaka mama mwenye alikuwa anaiosha. Ju yeye njo alikuwa anafungua kila siku, na mara mingi visahani ameviweka mahali, kwa kamba, kama shanga. Bwana atakuambia "viko vimepotea". Mama atakuambia viko chini ya kitanda.

Vola_ya_Kivu

Kaka Masisi umenifurahisha sana. Ile ya kamba kama shanga nimeiona Kalehe kwa bulo za vola.

Uvira_Tu

Mimi nina swali la ufundi. Nimeonyeshwa trakteri ya Massey Ferguson 135 huku Ruzizi, mwenyewe yuko tayari kuuza, lakini injini haizunguki kabisa. Nikimwambia imekwama anafikiri nashusha bei. Niiguse au nisiiguse?

Vola_ya_Kivu

Usiguse kwa nguvu mbele hujalipa, ukivunja kintu ni deni. Omba ruhusa, tosha enjektere zote tatu kama ni Perkins ya silenda tatu, mimina mu kila silenda mazuti ikichanganyika na mafuta ya moteri, nusu kikombe, funga kwa kitambaa safi, na uende. Rudi kisha juma moja, ongeza, jaribu ku puli ya mbele kwa mukono, kidogo mbele kidogo nyuma. Mu inchi yetu hakuna baridi ya kugandisha maji, kwa hiyo block yenye imepasuka kwa barafu kama Ulaya huku hutaipata, adui yetu ni mvua kuingia ku eshapma. Angalia kama kuko kopo juu ya ile bomba. Mwenye aliweka kopo alikuwa anapenda trakteri yake.

Na mwenyewe akuwe pale wakati unamimina, aone kwa macho yake. Hapo hatasema unashusha bei. 135 zilitengenezwa 1964 mupaka 1975, bipande bado biko, hata ikiwa imekwama si maiti, umwambie hivyo.

Petit_Muhungu

Na kama amekatala kabisa kabisa?

Vola_ya_Kivu

Unasema asante, unaomba kama unaweza kufunika na shitingi ili mvua isiingie. Niliacha shitingi ku nyumba tatu. Moja bado haijauzishwa mupaka leo na sitaulizia tena, mzee yule tunasalimiana tu, lakini moteri yake haioze na ile inanitosha.

Mama_Katana

Kaka Vola, ile ya kwetu yenye paa ilianguka juu yake… unafikiri iko kitu bado?

Vola_ya_Kivu

Mama, siwezi kusema bila kuona. Kama mama yako atakubali, nitakuya na vijana tuondoshe tu paa, bila mambo ya kununua. Muamue nyumbani kwanza.

Chuma_Kadutu

Yaya Vola. Nimekutumia foto pembeni. Ni ile dramu ya kutoa maganda ya kahawa, imeletwa jana na vijana ba pikipiki. Shaba ya juu bado iko, ile yenye vimatuta. Kuko maandiko, naona JOHN GORDON na LONDON. Nyundo nimeiweka chini, nasubiria wewe.

Vola_ya_Kivu

Nimeona. Usiguse! Nimetoka Bagira sasa hivi.

Vola_ya_Kivu

Nimerudi. Bandugu, dramu ni nzima. Shaba imepasuka mahali pamoja tu, urefu wa kidole. Chuma amenipa kwa bei yake ya kilo na kidogo juu kama tuliongea, na ba-vijana balioileta bako na namba, aliwaandika mu kayee yake kama anafanyaka kila siku. Tumebapigia. Habakuiba, balipewa na mzee mumoja wa kule Miti mwenye anajenga upya na alitaka nafasi. Mwenyewe hajui kama ni nini. Stendi yake na ule sanduku wa juu wa kumiminia kahawa bado biko kwake, na anasema kuko "chuma kubwa ya mviringo" nyuma ya nyumba.

Nataka kwenda kumwambia alichouzisha ni nini na kumuongezea. Sipendi kuingia pale kama mugeni na ba-vijana ba pikipiki.

Mama_Katana

Miti kwa mzee gani, upande ya soko ao upande ya juu? Kama ni upande ya juu ni mujomba wa mama yangu.

Vola_ya_Kivu

Upande ya juu. Nyumba ya bati ya kijani, kuko miti miwili ya avoka mbele.

Mama_Katana

Njo yeye. Usiende peke yako, hasikie vizuri na atafikiri umekuya ju ya parsele. Nitamupigia mama leo jioni. Siku ya ine saa moja ya asubuhi nitakungojea ku barabara pale Mudaka, leta sukari, na yeye anapendaka pia chumvi ya mawe ju ya ng'ombe wake.

Chuma_Kadutu

Na mimi nitakuya na palan. Bila pesa.